Jivu Jeupe Chini ya Boneti

Inspekta Marcelline Ukumu aliingiza mkono hadi kiwiko katikati ya vyuma vilivyoungua, akapapasa, akautoa. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeupe.

Hakupenda alichokiona. Moto wa gari huacha masizi, na teksi ya marehemu Vital, iliyobwagwa na lori katika ua wa kituo cha polisi, ilikuwa nyeusi tii kuanzia kwenye taa hadi kwenye buti. Weupe ulikuwa mahali pachache tu, chini ya boneti: kwenye midomo ya rejeta, na kwenye vibomba vinavyoingiza maji ndani ya injini. Huo hakuushangaa. Siku chache kabla ya ajali Vital alikuwa amebadilishiwa mipira ya maji, ile ambayo mafundi wa Bunia huiita durite. Ilitolewa myeusi ya zamani, ikawekwa ya silikoni, ya buluu, inayong'aa kama viatu vya harusi. Silikoni ikiungua huacha jivu jeupe.

Tatizo ni kwamba jivu hilohilo lilikuwa limeng'ang'ania kibomba chembamba kinacholeta petroli.

"Paul, kuya uone."

Agenti Paul, dereva wake wa pikipiki na msaidizi wake kwa kila kitu kingine, aliinama kando yake.

"Mama Inspekteri, mi naona chuma tu."

"Hapa njo fasi ya durite ya esanse, ya petroli. Fundi mekano anasema aliweka ya nyeusi, ya kaucho, mupira ya kawaida. Kaucho ikiunguaka inabakisha nini?"

"Masizi."

"Pangusa."

Paul alipangusa kwa kidole, akakitazama kidole chake, kisha akamtazama mkubwa wake. "Iko nyeupe. Basi alidanganya."

"Ngoja kwanza."

Kulikuwa na kitu kingine, na hicho ndicho kilichomfanya asirukie jibu. Vibomba vyote vya maji vilikuwa bado vimekumbatiwa na mikanda yao ya chuma, ile inayokazwa kwa skrubu, na vichwa vya skrubu vyote vilikuwa vimetazama juu. Kibomba cha petroli hakikuwa na mkanda. Kilikuwa na waya. Waya mwembamba uliokunjwa mara mbili, ukazungushwa, ukasokotwa, na ncha yake ikalazwa ubavuni kwa ustadi ili isimchome mtu mkono. Marcelline alipiga picha, akaukata waya upande usio na fundo, akautia ndani ya bahasha.

"Mama," Paul alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika. "Walinipigia simu toka morgue ya hospitali. Vijana wamekwisha kutosha maiti, wako nayo mu barabara. Hawaendi makaburi. Wanasema jeneza njo itawaonyesha njia."

Marcelline alifunga macho kidogo. Mji mzima uliijua desturi hiyo. Mtu akifa kifo cha kutatanisha, vijana hulibeba jeneza mabegani, na eti marehemu mwenyewe huwavuta hadi kwa aliyemuua. Kwa bahati mbaya marehemu hao huwa hawapotei njia. Huenda moja kwa moja kwa mtu ambaye vijana walikuwa wamekwisha kumchagua tangu jana.

"Bigo," alisema.

"Bigo," Paul aliitikia. "Kwa Hilaire."

Hilaire ndiye fundi aliyebadilisha mipira ile, na karakana yake ilikuwa katika mtaa wa Bigo. Alikuwa mahabusu tangu Vital alipokata roho, na Marcelline ndiye aliyemfungia mlango kwa mkono wake. Habari yenyewe ilikuwa fupi. Vital alikuwa amepakia abiria kwenda Komanda. Kwenye kilima moshi ukatoka. Akasimama, akawashusha abiria wote salama, halafu akafanya kosa la mwisho la maisha yake: akafungua boneti. Moto ulipopata hewa ulimrukia usoni. Na aliyeigusa injini ile mara ya mwisho, kwa kadiri watu walivyojua, alikuwa Hilaire. Jirani mmoja wa karakana aliapa kwamba alimwona kwa macho yake akikata durite kwa kisu.

Hilo lingetosha. Lakini tangu jana watu walikuwa wameanza kuuliza fundi huyo ametoka wapi, na jibu, kwamba ametoka Bule pamoja na wakimbizi wengine, lilikuwa linapita mdomo kwa mdomo kama kwamba lilikuwa ushahidi. Nyuma ya karakana yake alikuwa anaishi mkewe Ketsia na ndugu wengine waliokimbia vita, wazee kwa watoto, wamelundikana katika vyumba viwili. Jeneza likifika pale kabla ya ukweli, moto hautaishia kwenye karakana. Marcelline aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

"Washa pikipiki, tayari-tayari," alimwambia Paul. "Ninaongea na Hilaire kidogo, halafu tunaenda."

*

Dirishani mwa ofisi yake kulikuwa na chupa mbili za mayonezi. Siku ya kumkamata Hilaire alikuwa ameokota vipande viwili vya durite kwenye sakafu ya karakana, kimoja cha buluu, kimoja cheusi, akavitumbukiza kila kimoja katika chupa yake yenye petroli. Hakuwa na maabara. Alikuwa na dirisha. Cheusi kilikuwa vilevile kama alivyokiweka. Cha buluu kilikuwa kimevimba na kulegea, na alipokibana kwa koleo kilitoka jasho la petroli mwili mzima.

Hilaire aliletwa, akakaa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono iliyojaa makovu ya kuunguzwa na injini, na siku za mahabusu zilikuwa zimemchosha hadi macho.

"Ulikata durite na kisu?"

"Ndiyo, mama. Durite inatokaka murefu. Usipoikata utaiingiza namna gani?"

"Ya buluu ao ya nyeusi?"

"Yote."

"Ya esanse uliweka gani?"

"Nyeusi. Mupya. Nimekwisha kusema."

"Vital alileta buluu ya kuenea fasi yote. Na ya esanse pia ilikuwa mule. Juu ya nini haukuiweka?"

Hilaire alinyoosha kidevu kuelekea dirishani. "Weye mwenyewe umeilowesha. Sababu njo ile ile. Ya maji, sawa, iko muzuri sana, inavumilia moto kupita kaucho. Esanse, inaikula."

"Vital alijua?"

"Nilimuelezea. Alicheka tu. Alisema ule mwenye alimupatia zawadi ya zile durite hatafurahi, lakini sawa, weka nyeusi."

"Nani alimupatia?"

"Sikuuliza."

"Na ile ya buluu yenye ilibakia?"

"Niliitia mu sachet yake, pamoja na ya zamani. Mukiliya anarudishiwaka vitu vyake vya zamani, aone kama umebadirisha kweli. Kama haurudishe, anasema uliiba."

"Ulirudisha yote?"

Kwa mara ya kwanza Hilaire alisita.

"Ile ya zamani ya esanse haikuwa mule," alisema mwishowe. "Ilikuwa imeoza. Ilivunjikia mu mikono yangu vipande-vipande. Ile nilitupa."

Marcelline aliutoa waya kwenye bahasha, akauweka mezani. "Hii nilitosha kwa bomba ya esanse ya Vital."

Hilaire aliuangalia bila kuugusa. Aliuangalia kwa muda ambao mwongo hawezi kuuvumilia, na Marcelline alikuwa ameona waongo wa kutosha.

"Haiko yangu. Mi niko na kolye, ile mikanda ya chuma. Zote nafungaka na kolye, kichwa ya visi juu, ili kesho mutu asiteseke kufungua."

"Kila mwenye anakaa hapa anasema haiko yake."

"Mama, angalia vizuri. Durite ya buluu iko munene. Kolye ya durite ya nyeusi haienee pale. Mutu alitosha nyeusi, akatia buluu, akaona kolye haifungi. Njo akatafuta waya."

Marcelline alikuwa amekwisha kufika hapo peke yake, lakini kusikia mtu mwingine akipita njia ileile kulimtuliza. Kulikuwa na mkono mwingine chini ya boneti ile, baada ya mkono wa Hilaire. Ulikuwa wa nani? Inawezekana ulikuwa wa Vital mwenyewe. Na kama ni wa Vital, basi kazi imeharibika, kwani nani atasimama mbele ya vijana wenye jeneza mabegani awaambie kwamba mtu wao alijiua mwenyewe kwa kupenda rangi?

Ile sachet, mfuko wa vipande vya zamani, ndiyo ingesema. Kama bado ipo.

"Ketsia iko nyumbani?" aliuliza huku akisimama.

"Iko. Nilimutumia batu asubuhi, atoke pale na wote. Anakataa." Sauti ya Hilaire ilikatika. "Anasema alikwisha kukimbia Bule. Hatakimbia tena Bigo."

*

Msiba ulikuwa mtaa wa Mudzipela, kwa mama wa marehemu, alikokuwa anaishi naye. Marcelline alipotelemka kwenye pikipiki pua yake ilimwambia kitu kabla ya macho: harufu ya mpira unaoungua. Alipita kati ya waombolezaji kwa haraka isiyo ya adabu, akazunguka nyumba hadi jikoni, na hapo akamkuta mwanamke mmoja amechuchumaa mbele ya mbabula, panga mkononi, akikata kipande cha durite kuwashia makaa. Kando yake kulikuwa na sachet nyeusi ya plastiki, imefunguka mdomo.

"Acha!"

Mwanamke aliruka, panga likadondoka. "Yesu! Nini?"

"Umechoma ngapi?"

"Moja tu... na nusu. Ni takataka, mama. Moto ilikuwa inakataa."

Marcelline aliikwapua sachet, akaipeleka chini ya turubai lililotandwa uani kuwakinga watu na jua, akapiga magoti, na kuanza kupanga vipande kimoja baada ya kingine juu ya kitenge. Mama Godelive, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka miguu imenyooshwa, kitambaa cheusi kichwani, alimwangalia kwa macho makavu. Alikuwa amekwisha kulia machozi yote aliyokuwa nayo.

"Pole, mama," Marcelline alisema.

"Fanya kazi yako, mutoto wangu."

Vipande vya kwanza vilikuwa vya zamani kweli. Vilikuwa vigumu, vimepasuka, na kila ncha ilikuwa na mfereji mzito ulioachwa na mkanda wa chuma kwa miaka mingi. Cha buluu hakikuwamo. Alitikisa sachet, akaigeuza ndani nje. Hakikuwamo.

Cha mwisho kilikuwa chembamba, cheusi. Alikikunja, kikakunjika bila kulalamika. Kilikuwa laini, safi, bado kina maandishi meupe ubavuni, na ncha zake zilikuwa zimekatwa kwa kisu kikali. Alama ya mkanda ilionekana kwa shida sana. Ilikuwa alama ya siku chache.

Hilaire hakusema uongo. Hii ndiyo durite mpya ya petroli aliyoiweka, na mtu alikuwa ameitoa, akaitupa pamoja na takataka, akachukua ile ya buluu badala yake. Ilikuwa imeponea chupuchupu kuwa kiberiti cha kuchemshia maharagwe ya msiba.

Marcelline alinyanyua macho ili asikutane na ya Godelive, na hapo ndipo alipoona. Turubai lilikuwa limefungwa kwenye nguzo za mikaratusi. Kila nguzo, kwa waya. Waya uliokunjwa mara mbili, ukazungushwa, ukasokotwa, ncha ikalazwa ubavuni.

Alisimama. Aliigusa nguzo ya karibu. Akatoa bahasha, akalinganisha waya na waya. Mkono ni mmoja. Huwezi kukosea, kama huwezi kukosea mwandiko wa mtu unayeishi naye.

"Mama, nani alifunga hii bâche?"

"Gaël," Godelive alisema. "Mutoto wangu wa mwisho. Kazi yake njo ile, anafungaka vyuma na waya kwa chantier ya nyumba, mbele ya kumwanga béton, ile zege. Hakuna mwenye anamupita."

"Iko wapi sasa?"

"Anabeba kaka yake. Alisema lazima yeye ashike mbele."

Marcelline aliinua ule mfuko. "Na hii sachet, nani aliileta ku jiko?"

"Yeye. Dimanche, ile Jumapili, kisha misa. Vital alikuwa analala kidogo, Gaël akafungua ile gari, akatumika kazi mu moteri. Alirudia na hasira. Alisema ule mekano ni mwizi, aliacha durite ya zamani mu moteri, na ya mupya akaitupa huku ndani. Yeye njo alinunua zile durite Kampala, zawadi ya kaka yake. Alitaka..."

Godelive alikomea hapo. Alikuwa mzee, hakuwa mjinga. Alitazama kipande cheusi mkononi mwa inspekta, akatazama nguzo, akatazama tena kipande.

"Sema," alinong'ona.

"Mama, sitaki kusema hapa."

"Basi nipeleke."

"Fasi ninaenda si muzuri."

"Nilizaa wawili," Godelive alisema huku akijikokota kusimama, "na wote wawili wako kule."

Walipanda wote watatu pikipiki moja, Paul mbele, mama katikati, Marcelline nyuma akimshikilia.

*

Waliusikia umati kabla hawajauona. Barabara ya Bigo ilikuwa imefungwa na vumbi na nyimbo, na juu ya vichwa jeneza lilikuwa linayumba, linakwenda mbele, linarudi nyuma, linajigonga upande mmoja kama linalotafuta mlango. Mlango lilikuwa limekwisha kuupata. Lilikuwa limesimama mbele ya lango la bati la karakana ya Hilaire, na katikati ya lango na jeneza alikuwa amesimama mwanamke mmoja tu, mwembamba, mikono imefumbatwa. Ketsia. Nyuma yake, kwenye tundu za bati, yalionekana macho ya watu.

Kijana mmoja alikuwa anafungua kizibo cha bidoni ya manjano. Harufu ya petroli ilienea.

"Paul, baki na mama," Marcelline alisema, akajitosa.

Walimsukuma, akasukuma. Mtu alimvuta shati, akajinasua. Alipenya hadi mbele ya jeneza, upande wa kulia, mahali alipokuwa amesimama kijana mwenye mabega mapana, uso umelowa jasho na machozi. Hakuhitaji kuuliza jina. Alikuwa na sura ya Godelive.

"Gaël. Dimanche, kisha misa, ulifungua kapo, ile boneti, ya gari ya kaka yako."

"Toka, mama. Maiti inapita."

"Ulitosha durite ya nyeusi, ukaweka ya buluu. Ukafunga na waya."

"Ndiyo! Niliirekebisha!" alifoka. "Huyu mwizi alikuwa ameacha ya zamani! Mu sachet hakukuwa ya zamani ya esanse. Mekano asiporudisha ya zamani, njo kusema hakubadirisha. Kila mutu anajua!"

"Ilikuwa imeoza, aliitupa." Aliinua kipande, akamtia mkononi. "Ulitosha hii. Ikunje."

"Juu ya nini?"

"Ikunje, Gaël."

Alikikunja kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umeshika mbao ya jeneza. Kipande kilijikunja. Akakitazama. Akayaona maandishi meupe, ncha zilizokatwa kwa kisu. Mtu wa kazi za mikono hahitaji kuelezwa kitu kipya kikoje.

"Iko mupya," alisema, kama mtoto.

"Iko mupya. Njo ya esanse kabisa. Ya buluu ni ya maji tu. Esanse inaikula, inaanza kutoka jasho. Ilikuwa inadondoka kila siku juu ya bomba ya moshi. Kwa kilima cha Komanda, moteri ikawa moto sana."

Rangi ilimtoka Gaël usoni. Jeneza liliyumba, wenzake wakapiga kelele wakidhani marehemu amewavuta.

"Nisikilize," Marcelline alisema kwa haraka, mdomo karibu na sikio lake. "Usiseme kitu hapa. Zungusha jeneza. Sema kaka yako anataka makaburi. Mengine tutaongea ku biro ya polisi."

Alikuwa anajua anachofanya. Alikuwa anauficha ukweli wa mtuhumiwa mbele ya mashahidi, na kama mkubwa wake angemsikia angemvua cheo. Lakini alikuwa ameona umati ukiwa na kiu hivi, na umati wa namna hiyo ukinyimwa mtu mmoja hutafuta wa pili.

Gaël alijaribu. Alipaza sauti, "Turudi! Tumupeleke makaburi!" akakaza bega, akavuta kushoto. Walio nyuma hawakumwelewa, au hawakutaka. Walisukuma mbele. "Maiti imekwisha kuonyesha!" mtu alipiga kelele. "Tuchome!" Jeneza lilimgonga Ketsia kifuani, akarudi hatua moja, mgongo ukakutana na bati. Mwenye bidoni alirusha mkupuo wa kwanza. Petroli ilimlowesha Ketsia sketi na kushuka langoni, na ndani ya ua mtoto alianza kulia.

Ketsia hakusogea. Alifumba macho tu.

"Ni mimi!"

Sauti ya Gaël ilipasuka. Nyimbo zilikatika mstari mmoja baada ya mwingine, hadi zikabaki za walio mbali wasioelewa.

"Ni mimi nilimuua! Huyu mekano aliweka muzuri. Mi nilifungua, nikatosha, nikaweka yangu. Nilitaka gari ya kaka ikuwe muzuri, yote buluu, batu waifungue kapo waseme hii ni ya Vital. Ni mimi nilifunga! Na hii mikono!"

Marcelline alimwona mwenye bidoni akimtazama Gaël, kisha langoni, kisha tena Gaël, kama mtu aliyepotezewa anwani. Halafu, nyuma, mtu alisema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Basi yeye."

Mkono wa kwanza ulimshika Gaël shati. Hakujitetea. Bado alikuwa chini ya jeneza, na hakuliachia. Marcelline alijitupa kati yao, akapigwa ngumi ya bega, akapapasa bastola yake, akajua kwamba risasi moja tu, hata ya hewani, itafanya mambo ambayo hakuna mtu atayarudisha.

"Mupishe mama! Mupishe mama ya marehemu!" Ilikuwa sauti ya Paul.

Umati ulifunguka, kwa sababu kuna watu ambao hata hasira huwapisha. Godelive alikuja taratibu, kitambaa cha kichwani kimemlegea, akapita mbele ya kila mmoja wao bila kumtazama. Alifika, akamtoa yule mwenye kushika shati, kidole kimoja baada ya kingine, kama anayemtoa mtoto mdogo kwenye kitu kisicho chake. Kisha akasimama mbele ya Gaël, akawageukia.

"Hii jeneza iko na batoto bangu wawili," alisema. Hakupaza sauti. "Mumoja iko ndani, mumoja iko chini. Mwenye anataka kuniongezea, aanze na miye."

Hakuna aliyeanza.

Alimfuata mwenye bidoni, akaichukua, akaimimina yote vumbini. Alitoa kitambaa chake cha msiba kichwani, akampangusia Ketsia petroli kwenye sketi, akiinama kwa shida, hadi Ketsia alipomshika mikono akamzuia. Wanawake hao wawili walitazamana. Halafu mama alirudi barabarani, akalipiga jeneza kofi moja dogo ubavuni.

"Muzungushe. Vital amechoka."

Walilizungusha. Gaël alibaki mahali pake, mbele, kulia, analia kwa sauti sasa, bega limekaza chini ya mbao. Marcelline alimsogelea, mkono kwenye pingu. Sheria ilikuwa upande wake: mtu alikuwa amekiri mbele ya mji mzima, na kuua bila kukusudia ni kuua.

Godelive alimwekea kiganja kifuani.

"Ule mekano mwenye ulifunga, enda umufungue," alisema. "Huyu nitakuletea mwenyewe, tukimaliza kumuzika ndugu yake."